Túpac Amaru II: uasi uliopita njia ya baghala

Ukiingia kwa kinyozi Mwananyamala au Kayole, si ajabu kumkuta Tupac ukutani, kitambaa kichwani, kachorwa kwa rangi ya mafuta. Wanafunzi wangu wengi wamelijua jina lake kabla hawajajua Peru iko upande gani wa dunia. Juzi mmoja aliniuliza ni jina la kabila gani la Afrika. Si la Afrika. Mama wa mwanamuziki yule, Afeni Shakur, alimwita mwanawe kwa jina la kiongozi wa milima ya Andes, huko Peru, aliyeuawa na Wahispania mwaka 1781 katika uwanja mkuu wa Cusco. Kiongozi huyo naye alilichukua kwa mzee wake wa zamani, Inka (yaani mfalme wa wenyeji) wa mwisho, aliyekatwa kichwa katika uwanja huohuo mwaka 1572. Amaru, kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, ni nyoka mkubwa.

Leo nataka kumweleza huyu wa katikati, José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru na ambaye vitabu vinamwita wa pili. Nimeisoma na kuifundisha historia ya Andes kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni kwamba akitajwa, hutajwa kama mwana wa mfalme aliyeinua upanga kudai kiti cha mababu, basi. Damu ya kifalme alikuwa nayo na aliithamini sana. Lakini kazi iliyomlisha ilikuwa uchukuzi. Alikuwa na baghala wapatao 350. Nasema baghala, mtoto wa punda na farasi, ili tusimchanganye na nyumbu wa porini.

Mimi nimekulia nyumba ya malori. Baba alikuwa na mawili, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mazungumzo ya mezani kwetu yalikuwa hayohayo kila jioni: mafuta yamepanda, mizani ina foleni, mzigo umelala, fulani hajalipa. Mtoto wa nyumba kama ile anajua kwamba mwenye magari huzijua habari za nchi kabla ya gazeti. Anajua pia kwamba ushuru mpya ukiwekwa njiani, wa kwanza kuusikia mfukoni ni yeye, na wa pili ni yule aliyemkopesha. Ndiyo maana siku ya kwanza niliposoma maisha ya Condorcanqui, hawa baghala ndio walionishika kuliko taji la Inka.

Alizaliwa mwaka 1738 huko Surimana, kijiji cha jimbo la Tinta, kusini mwa Cusco. Mapadre wa Kijesuti walimsomesha Cusco katika shule ya watoto wa machifu wenyeji, akatoka anaandika Kihispania kizuri na Kikechua chake hakijaondoka. Mwaka 1760 alimwoa Micaela Bastidas, wakajaliwa wana watatu: Hipólito, Mariano na Fernando. Mwaka 1766 alithibitishwa kuwa kuraka wa Surimana, Pampamarca na Tungasuca. Kuraka ni kama jumbe wa wakati wa Wajerumani kwetu: mtu wa ukoo wa eneo lile, ambaye serikali ya kigeni inamtumia kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na watu wake wanamtazamia awakinge na serikali hiyohiyo. Mtu wa cheo hicho analala katikati ya mawe mawili ya kusagia.

Baghala wake walipita njia kubwa ya Cusco kwenda Potosí, wakipandisha majani ya koka, sukari na nguo za sufu. Potosí ulikuwa mlima wa fedha uliogunduliwa mwaka 1545, mji wa migodi ulioko mita 4,000 juu ya bahari. Kiswahili kinaita madini ya fedha na pesa kwa neno moja, na kwa habari za Potosí neno hilo moja linatosha. Hata riale yetu ya zamani, iliyohesabiwa Lamu na Unguja, asili ya jina lake ni real ya Kihispania.

Sasa tazama njia ile ilivyobebeshwa mizigo.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa zamani: kazi ya lazima iliyoitwa mita (neno la Kikechua, si kile kipimo cha urefu), ambayo kwa Kiswahili sina neno lililo karibu kuliko shokoa. Tangu miaka ya 1570, majimbo ya milimani yalitakiwa kutoa mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka kwenda kuchimba Potosí. Jimbo la Tinta lilikuwa karibu na mwisho wa kaskazini wa eneo la shokoa hiyo, kwa hiyo watu wake walitembea mbali kuliko karibu wote, kilomita kama 1,000 kwa njia za milima, mke nyuma, mtoto mgongoni, llama wamebeba chakula. Wengi hawakurudi. Condorcanqui hakuhitaji kusimuliwa, maana alikuwa akiwapita njiani.

Mzigo wa pili ulikuwa biashara ya kulazimishwa. Kila jimbo lilikuwa na mtawala aliyeitwa corregidor. Mimi nitamwita liwali. Liwali alikipata cheo kwa fedha nyingi, akaja amejaa madeni, na sheria ilimruhusu kuwagawia wenyeji bidhaa kwa bei aliyopanga mwenyewe, watake wasitake. Baghala, vitambaa, vyuma. Malalamiko ya wakati ule yanataja mpaka miwani na karata. Asiyeweza kulipa alifilisiwa au kupelekwa kwenye karakana za kufuma sufu, ambazo zilikuwa jela kwa jina lingine.

Mzigo wa tatu ndio uliomgusa mchukuzi moja kwa moja. Mwaka 1776 Hispania iliukata utawala wa Peru, ikaitoa Potosí na nchi yote ya juu na kuiweka chini ya Buenos Aires. Njia iliyokuwa ndani ya nchi moja ikapata mpaka katikati. Ushuru wa mauzo, uliokuwa asilimia 2, ulipandishwa hadi 4 mwaka 1772, kisha 6 mwaka 1776, na mwaka uliofuata akaja mkaguzi mkuu kutoka Madrid, José Antonio de Areche, kuhakikisha unalipwa mpaka senti ya mwisho. Nyumba mpya za forodha zikajengwa. Wasafirishaji walisimamishwa, mizigo ikafunguliwa, na bidhaa za wenyeji zilizokuwa zimesamehewa zamani zikaanza kutiliwa shaka.

Mwaka huohuo wa 1777 Condorcanqui alikwenda Lima, mji mkuu wa utawala wa Peru. Alikuwa na mambo mawili. Moja, kesi ya nasaba, maana familia nyingine ya Cusco ilidai kuwa ndiyo warithi halisi wa Inka. La pili, ombi kwamba watu wa jimbo lake wasamehewe shokoa ya Potosí. Alipanga hoja kama wakili: safari ni ndefu, vijiji vimekwisha watu, na wenye migodi wanaweza kuajiri vibarua wa karibu. Akazungushwa. Akarudi nyumbani mwaka 1778 mikono mitupu. Kwangu mimi uasi ulianza kuiva katika zile korido za Lima. Mtu aliyekuwa akiamini kwamba mfalme ni mwema na wabaya ni wadogo zake alipata nafasi ya kuwaona hao wadogo kwa karibu, na kuhesabu wako wangapi.

Tarehe 4 Novemba 1780 ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Carlos, somo wa Mfalme Carlos III. Paroko wa Yanaoca aliandaa chakula cha mchana. Liwali Antonio de Arriaga alikuwepo, na Condorcanqui alikuwepo. Walijuana vizuri, mkusanyaji kodi na mkubwa wake hawawezi kutojuana. Arriaga alikuwa mtu mgumu, anayeshutumiwa kugawa bidhaa kupita kiwango cha sheria, na alikuwa amegombana hata na askofu wa Cusco mpaka akatengwa na Kanisa. Baada ya chakula Condorcanqui aliaga mapema, akisema ana wageni nyumbani. Alikwenda kujificha njiani na watu wake. Liwali alipopita kurudi Tinta, wakamkamata, wakamfikisha Tungasuca usiku.

Kilichofuata kinanistaajabisha kila nikikisoma, kwa jinsi kilivyokuwa cha kimyakimya. Kwa siku sita hakuna mlio wa bunduki. Arriaga akafungiwa ndani na kulazimishwa kuandika barua. Moja ilikwenda kwa mtunza hazina wake Tinta: leta fedha, leta silaha, tunakwenda pwani kupigana na maharamia wa Kiingereza. Fedha zikaja, bunduki zikaja, baghala wakaja. Barua nyingine ziliwaita Wahispania na makuraka wa jirani wakutane Tungasuca. Nao wakaja, kwa kuwa sahihi ilikuwa ya liwali.

Tarehe 10 Novemba watu kwa maelfu walipangwa mistari kuuzunguka uwanja. Tangazo likasomwa kwa Kihispania na kwa Kikechua: kwa amri ya mfalme, shokoa ya Potosí imefutwa, ushuru wa mauzo umefutwa, forodha zimefutwa, na liwali huyu anyongwe. Aliyepewa kazi ya kumnyonga ni Antonio Oblitas, mtu mwenye asili ya Kiafrika aliyewahi kuwa mtumwa wa Arriaga mwenyewe. Kamba ikakatika. Wote wawili, mnyongaji na mnyongwaji, wakaanguka chini. Wakaleta nyingine, na mara hii haikukatika.

Wanafunzi huuliza: amri ya mfalme ilikuwa wapi? Haikuwepo. Wasomi wanabishana kama Condorcanqui alikuwa mnafiki au mtiifu aliyepotoka. Maoni yangu ni haya. Mchukuzi anajua thamani ya hati ya njia. Jina la mfalme lilikuwa hati pekee iliyokubalika katika kila kijiji, kwa paroko, kwa kuraka, kwa mkulima asiyesoma, na kwa Mhispania maskini aliyezaliwa kulekule. Aliitumia ili apite. Siku chache baadaye, tarehe 16 Novemba, alitoa tangazo la kuwaachia huru watumwa waliowaacha mabwana zao na kujiunga naye, jambo ambalo Mfalme Carlos hakuwa ameliagiza. Kufikia hapo hati ilikuwa imebaki jina tu.

Na kazi ya kuuendesha uasi wenyewe? Hapo lazima nimlete Micaela, na nitakaa naye kidogo.

Mume alipoondoka na jeshi, Micaela alibaki Tungasuca. Watu wa wakati wake walimwita zamba, yaani mtu wa damu ya wenyeji iliyochanganyika na ya Kiafrika. Barua zake, alizokuwa akiwaamuru makarani waandike, zimehifadhiwa kwa sababu maadui waliziteka na kuzitumia kama ushahidi wa kumuua. Ukizisoma hukutani na malkia. Unakutana na mwanamke aliyekuwa akiendesha biashara ya uchukuzi na mumewe kwa miaka ishirini, sasa analilisha jeshi kwa ujuzi uleule. Anaagiza koka, pombe na nguo. Anatoa vibali vya kupita. Asiye na kibali cha Tungasuca harudi kwao wala haendi mbele. Anaweka walinzi kwenye madaraja na kuamuru mengine yakatwe, kwa kuwa katika nchi ya makorongo anayeshika daraja ameshika jimbo. Anawakemea makuraka wanaochelewa kuleta watu. Alikuwepo pia Tomasa Tito Condemayta, kuraka mwanamke wa Acos, aliyesimamia watu wake mwenyewe vitani.

Tarehe 18 Novemba jeshi la Condorcanqui lilishinda Sangarará. Kikosi kilichotoka Cusco kililala kijijini, usiku theluji ikaanguka, alfajiri kikajikuta kimezungukwa, kikakimbilia kanisani. Baruti ikalipuka ndani. Kanisa likaungua na watu zaidi ya 500 wakafa. Ulikuwa ushindi mkubwa, na hapohapo ukawa doa. Askofu Juan Manuel Moscoso alimtenga Condorcanqui na Kanisa, tangazo likabandikwa milangoni mwa makanisa, na kwa watu waliomcha Mungu kama wenyeji wa kule, kumfuata mchoma kanisa hakukuwa jambo dogo. Yeye mwenyewe alibaki Mkatoliki mpaka mwisho, na habari hiyo ilimuuma.

Cusco wakati ule ilikuwa imetetemeka na haina ulinzi wa kutosha. Micaela alitaka waende mara moja. Mume akaelekea kusini, upande wa Ziwa Titicaca, kupitia Ayaviri na Lampa hadi Azángaro. Tarehe 6 Desemba Micaela akamwandikia barua ambayo sijui nimeisoma mara ngapi. Anamwita Chepe, jina la nyumbani la José. Anamwambia anamuua kwa huzuni. Anamlaumu kwa kutembea polepole vijijini, anamkumbusha kwamba askari watachoka na kurudi makwao, kwamba chakula hakipo, kwamba amemwonya tena na tena wala hasikii. Anasema ameshachoka na yuko tayari kwenda kujikabidhi kwa maadui wamuue. Hakuna mahali anapomwita Inka.

Wengi wanaifanya safari ile ya kusini kuwa kosa lake kubwa, na huenda Micaela alikuwa sahihi. Lakini fuata ramani ya baghala utaelewa kwa nini alikwenda. Ile ilikuwa njia yake. Ayaviri na Lampa ni vituo alivyolala tangu ujana, kwa watu waliomdai na aliowadai, waliomjua kwa uso. Huko hakuhitaji kuthibitisha yeye ni nani. Cusco, kwa upande mwingine, ulikuwa mji wa makuraka wakubwa wa damu ya Inka, waliomwona mtu wa mkoani mwenye baghala anayejipachika nasaba. Mateo Pumacahua, kuraka wa Chinchero, alipigana upande wa mfalme tangu mwanzo, na ndiye aliyemzuia Diego Cristóbal, binamu yake Condorcanqui, asivuke bonde kuja kusaidia. Barabara ilimletea maelfu ya watu, ila haikuwa na njia ya kumwingiza sebuleni kwa wakubwa wa Cusco.

Alirudi akaizingira Cusco kuanzia tarehe 28 Desemba, akiwa vilimani juu ya mji. Kufikia Januari 1 askari wa kwanza kutoka Lima walikwishaingia. Mvua, njaa, na kuona kwamba mstari wa mbele wa adui ni wenyeji wenzao, viliwavunja moyo watu wake. Tarehe 10 Januari 1781 akaondoka. Mwezi Februari likaja jeshi lote la Lima na Areche ndani yake, watu wapatao 17,000, wengi wao wenyeji. Mwanzoni mwa Aprili alishindwa karibu na Tinta, akakimbilia Langui, na huko watu wa upande wake wakamsaliti na kumtoa. Micaela na watoto wawili walikamatwa njiani wakijaribu kutoroka kusini, kwa njia ileile.

Gerezani aliteswa mpaka mkono ukavunjika. Inasimuliwa kwamba Areche alipomtaka awataje washirika wake, alijibu kwamba wenye hatia ni wao wawili tu: Areche kwa kuwakandamiza watu, na yeye kwa kutaka kuwakomboa.

Tarehe 18 Mei 1781 walitolewa watu tisa katika uwanja wa Cusco. Oblitas alikuwemo. Tomasa Tito Condemayta alikuwemo. Hipólito, mtoto wa kwanza, alinyongwa wazazi wakitazama. Micaela alikabwa kwa chuma cha koo. Shingo yake ilikuwa nyembamba na chuma hakikumbana, wakammaliza kwa kamba na mateke. Kisha wakamkata ulimi José Gabriel, wakamfunga miguu na mikono kwa farasi wanne, wakawapiga mbio pande nne. Mwili haukukatika. Mwishowe Areche akaamuru akatwe kichwa. Fernando, mtoto wa mwisho, mwenye miaka kama 12, alisimamishwa pale aone yote.

Hukumu ilipanga pia kila kiungo kiende wapi. Kichwa Tinta. Mkono mmoja Tungasuca, mwingine Carabaya. Mguu mmoja Chumbivilcas, mwingine Lampa. Soma majina hayo polepole: ni njia zilezile ambako msafara wake uliingia miaka yote na kengele za baghala zikasikika kabla hajaonekana. Areche alikuwa amesoma ramani kama mimi ninavyoisoma. Akaongeza marufuku: mavazi ya Inka, tarumbeta za kombe, michezo ya kuwakumbuka wafalme wa zamani, na Kikechua chenyewe kitokomezwe mdomoni mwa watu.

Vita havikuisha siku ile. Diego Cristóbal aliendelea kusini hadi alipokubali amani, na mwaka 1783 akauawa pamoja na hiyo amani yake. Huko La Paz, Túpac Katari, kiongozi mwingine wa waasi, aliuzingira mji kwa miezi mwaka 1781 mpaka naye akakatwa vipande. Kwa makadirio ya kawaida, jumla ya waliokufa katika Andes ni watu 100,000. Serikali iliyoshinda ilifuta ile biashara ya kulazimishwa, na mwaka 1784 ikaondoa vyeo vya maliwali. Shokoa ya Potosí ilisubiri mpaka 1812.

Fernando alipelekwa Hispania. Meli iliyombeba, San Pedro de Alcántara, ilivunjika kwenye miamba ya Peniche, Ureno, mwaka 1786, ikiwa imejaa fedha ya Peru. Yeye aliokoka, akafia Madrid mwaka 1798. Juan Bautista, ndugu wa baba mmoja wa José Gabriel, alifungwa kwa miongo Ceuta, mji wa Wahispania uliopo pwani ya Afrika ya Kaskazini. Alipoachiliwa alikuwa mzee, na Hispania ilikuwa ikiendelea kuzipoteza nchi zake za Amerika. Mwaka 1822 alishuka Buenos Aires. Serikali mpya ikampa posho na kumwomba aandike aliyoyaona. Aliandika. Alitamani kurudi Cusco, lakini njia ya kupanda milimani ilikuwa bado na vita, na miguu yake haikuwa na nguvu tena. Alifariki hukohuko Buenos Aires mwaka 1827.